Nyuma ya Katoni za Mbele

Alhamisi asubuhi, muda mfupi baada ya saa mbili, Gona alipanda ngazi katika ghala la Bwana Aly, kwenye barabara ya kutoka Malindi kwenda Mambrui, ili ateremshe katoni za maziwa ya unga ya watoto wachanga. Duka moja kubwa la Kilifi lilikuwa limeagiza mzigo, na maziwa ya rafu za chini hayakutosha. Ilibidi akiba ya juu iguswe. Alivuta katoni ya kwanza, akamkabidhi mwenzake aliyekuwa chini. Akapeleka mkono kuvuta iliyo nyuma yake. Mkono ukaingia mpaka begani bila kugusa kitu.

Rafu ya juu ya safu ya nne ilikuwa na ukuta wa katoni upande wa mbele. Nyuma ya ukuta huo palikuwa patupu mpaka mwisho wa ghala.

Saa tatu na nusu Sajini Jedida Masha alikuwa amesimama chini ya ngazi hiyo hiyo, akimsikiliza mwenye ghala. Bwana Aly alikuwa mtu wa kanzu nyeupe na sauti ya kuchoka, na alikuwa ameshaamua. Alieleza kwamba kila katoni hapa ina lebo yenye namba yake peke yake. Kila mfanyakazi ana skana ya mkononi na namba yake ya kuifungulia. Ukiielekeza kwenye lebo, inalia, na kompyuta inaandika nani ameisoma. Mwisho wa mwezi safu zote zinahesabiwa namna hiyo. Safu ya nne imehesabiwa na Rayhana tangu aliporudi kutoka likizo ya uzazi, miezi mitatu sasa, na kila mwezi hesabu yake imetimia.

"Amehesabu hewa, Sajini," alisema Bwana Aly. "Mtu hahesabu hewa miezi mitatu kwa bahati mbaya."

Askari wa doria walikuwa wamekwisha kumchukua Rayhana. Mkuu wa kituo naye alikuwa amempigia Jedida simu alipokuwa bado njiani: faili iwe mezani jioni, kesho asubuhi binti huyo anafikishwa kortini. Jedida hakuipenda kazi ambayo jibu lake limeandikwa kabla ya swali. Alivua viatu vya kisigino kifupi, akapanda ngazi.

Huko juu joto lilikuwa la tanuri. Juu ya safu ya nne fundi alikuwa ameweka mabati ya plastiki ya kupitisha mwanga, na jua lilianguka moja kwa moja kwenye katoni za mbele. Jedida alitazama lebo. Zilikuwa nyeusi. Alizijua mara moja, kwa sababu risiti za supamaketi anazozisahau juu ya dashibodi ya gari hugeuka hivyo hivyo. Ni karatasi ya aina moja, inayochapishwa kwa joto bila wino. Aliomba skana, akaelekeza kwenye lebo ya kwanza, akabonyeza. Taa nyekundu ilitetemeka, skana ikanyamaza. Akajaribu ya pili, ya tatu, ya mwisho. Hakuna iliyolia.

Alishuka akiwa amelowa jasho, na swali moja. Kama lebo hizi hazisomeki, Rayhana alizisoma vipi?

Msimamizi wa ghala, Kambi, alimkaribisha ofisini na kumfungulia soda baridi. Alikuwa mtu mzima mpole, ambaye kila mfanyakazi aliyepita mlangoni alimwamkia na kujibiwa kwa jina. Aliuliza Masha huyu ni wa wapi, na aliposikia ni wa Jilore alifurahi kama amekutana na ndugu. Huko ndiko walikomzika mama yake mkubwa juzi juzi, alisema, katika mvua ambayo hajaiona tangu utotoni. Gari la maiti lilikwama kwenye tope, ikabidi jeneza wabebe mabegani. Na kuna mtu akawa anampigia simu mfululizo pale pale kaburini, mpaka mchungaji akamkata jicho. Aliicheka aibu yake mwenyewe. Jedida alitabasamu, akampa pole ya msiba, akarudi kwenye kazi.

Kambi alisikitika juu ya Rayhana. Alisema yeye ndiye aliyempangia safu ya nne, kwa kuwa rafu za huko haziguswi mara kwa mara, na mama mwenye mtoto mchanga hafai kusukumwa kwenye safu zenye purukushani. Mashine ya kuchapisha lebo iko pale ofisini, mlango haufungwi mchana. Yeyote anaweza kuchapisha lebo ya pili ya katoni yoyote. "Sitaki kumnyooshea mtu kidole," alisema. "Lakini kompyuta imesema namba ya nani."

Gona alihojiwa kati ya safu za sabuni. Alikuwa kijana mpana, mikono yenye vumbi la katoni. Alisema kila mtu hapa anafanya kazi yake na skana yake. Hapana, hajawahi kuona mtu akipandisha kitu wala akishusha kitu cha safu ya nne. Hapana, hajui lebo zinasomwaje. Alipoulizwa mara ya pili alijibu kwa maneno yale yale, na alipoulizwa mara ya tatu Jedida angeweza kuyatamka pamoja naye.

Swafwan wa getini alikuwa kinyume chake, mtu wa maneno mengi. Aliapa wallahi kwamba Rayhana ni binti wa watu. Aliapa wallahi kwamba soda ya Kambi imekaa kwenye friji tangu mwezi uliopita. Kiunoni mwake skana mbili ziligongana kila alipogeuka. Jedida alimuuliza kama geti hubaki bila yeye.

"Geti hili sitoki, Afande. Mzigo hauendi nje bila mimi kuusoma."

"Hata Ijumaa?"

"Hata Ijumaa. Nasali hapa hapa, kwenye kibanda changu."

Jedida aliandika jibu hilo, na pembeni akaandika kwamba mtu anayeapia soda hakuapia geti.

Kituoni alimkuta Rayhana kwenye benchi la ukumbi, kwa huruma ya askari wa zamu, akinyonyesha chini ya mtandio. Mama yake, Bi Zuleikha, alikuwa amekuja na mtoto kutoka Mambrui na amekaa pembeni yake wima kama anayesubiri kuitwa na kadhi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Huyu kesho mkimpeleka mnakotaka kumpeleka, na huyu mdogo mtampeleka pia? Maana chupa hataki. Nimejaribu tangu alipochukuliwa mama yake."

Hakungoja jibu. Bibi yule aligeuza uso ukutani. Jedida alikaa, akamuuliza Rayhana alizisomaje lebo zilizokufa.

"Zilisomeka," alisema Rayhana.

"Nimepanda mwenyewe. Hazisomeki."

Mtoto aliachia ziwa, akalia kidogo, akarudishwa. Rayhana alikuwa na macho mekundu lakini sauti yake haikutikisika. Alisema yeye hapandi ngazi. Alijifungua kwa upasuaji, na bado akinyanyua mguu juu mshono unamvuta.

"Basi skana yako ilisoma nini?"

"Ililia, Afande. Ikilia, kompyuta inakubali."

"Rayhana, kesho saa tatu utasimama mbele ya hakimu. Watu unaowaficha watakuwa kazini wakinywa chai."

Bi Zuleikha, bila kugeuka kutoka ukutani, alimwambia binti yake aseme, kwa maana yeye hakuzaa bubu. Hapo ndipo Rayhana alipotaja ubao. Kuna kipande cha plaiwudi nyuma ya mtungi wa kuzimia moto, mwanzo wa safu ya nne. Kimebandikwa lebo za pili za katoni zote za rafu ya juu. Alikikuta. Aliyekuwa akihesabu kabla yake alikitumia, na kabla ya huyo vivyo hivyo. Unasimama chini kivulini, unasoma lebo ubaoni moja baada ya nyingine, hesabu inatimia, unaenda zako. Yeye alidhani katoni zenyewe ziko juu. Kutoka chini zinaonekana.

"Nani aliubandika?"

"Sijui. Na wanaoutumia sikutajii. Watu wale wamenibeba tangu nirudi. Nikiwataja, Bwana Aly atawafukuza wote."

"Kwa hiyo wewe ndiye ufungwe."

Rayhana alimfuta mtoto maziwa shavuni. "Mimi nilisoma kitu ambacho sikukiona. Hilo ni langu. Kuiba si langu."

Jedida alirudi ghalani na kwenda moja kwa moja kwenye mtungi wa kuzimia moto. Ukutani nyuma yake palikuwa na mstatili msafi katikati ya vumbi, na misumari miwili. Ubao haukuwepo. Aliwakusanya wote, akauliza ulipo. Gona alitazama viatu vyake. Swafwan alirudi nyuma hatua moja, skana zake zikagongana. Kambi alitikisa kichwa kwa masikitiko na kusema kwamba hata yeye ndiyo kwanza anasikia habari ya ubao, na kwamba aliyeubandika bila shaka ndiye aliyefaidika nao.

Saa sita ilikuwa imepita, na Jedida alikuwa na njaa na hasira. Alivuka barabara hadi kwenye kibanda cha Zipporah, mama anayeuza mahamri na mbaazi za nazi mkabala na geti. Aliagiza sahani, akala kimya. Zipporah alimwacha ale, kisha akamuuliza kama ni kweli binti wa Bi Zuleikha ameiba, kwa kuwa yeye haamini, na kama ni kweli basi achukuliwe pia yule mwenye gari la jogoo.

Jedida aliweka kijiko chini. "Gari gani la jogoo?"

Ni gari dogo jeupe la mizigo, alisema Zipporah, limechorwa jogoo mlango wa nyuma. Linakuja Ijumaa, watu wakiwa wamekwenda msikitini na barabara imetulia. Linapiga honi mara moja, geti linafunguliwa, linaingia, halikai. Anayelifungulia hamwoni, geti ni la bati na linafunguka kwa ndani. Alidhani ni mteja kama wateja wengine. Isipokuwa siku moja halikufunguliwa. Lilipiga honi, likapiga tena, dereva akashuka akasemezana na mtu kupitia upenyo wa geti, akapiga simu, akapiga simu, mwisho akaondoka kwa hasira na kummwagia yeye Zipporah maji ya dimbwi.

"Hiyo ilikuwa Ijumaa gani, mama?"

"Ijumaa ile ya mvua kubwa. Maji yaliingia humu, jiko lilizimika, sikuuza hata andazi. Ningesahau vipi?"

Jedida alilipa na kuvuka barabara karibu akikimbia. Sasa alikuwa na kitu cha kushika. Mwenye kulifungulia gari kila Ijumaa hakuwepo Ijumaa ya mvua. Aliyekosekana kazini siku hiyo ndiye mwizi.

Kambi hakusita. Aliifungua kompyuta, akaitafuta Ijumaa hiyo, akamgeuzia skrini. Skana ya Gona ilifanya kazi tangu asubuhi hadi jioni. Ya Swafwan pia. Ya Kambi mwenyewe ilikuwa ikisoma katoni za mafuta ya kupikia adhuhuri yote. Jina moja tu lilikuwa halina kitu mbele yake.

Rayhana.

"Aliomba ruhusa," alisema Kambi taratibu. "Mtoto alilazwa. Sikutaka kukuambia, Sajini, maana nilijua utaliona mwenyewe."

Jedida alibaki akiitazama skrini. Ushahidi alioutafuta ili umtoe binti yule ndani ulikuwa umemfungia kufuli ya pili. Simu ikaita. Mkuu wa kituo aliuliza faili imefika wapi. Jedida alisema bado. Mkuu akasema Bwana Aly ameshampigia mara mbili, na kwamba yeye Jedida anajulikana kwa kuzungusha mambo yaliyonyooka. Akakata.

Alitoka nje ili asimtukane mtu. Uwanjani kulikuwa na lori linalopakiwa sabuni, na Swafwan alikuwa amesimama nyuma yake akisoma katoni kabla hazijapandishwa. Jedida alimtazama bila kumtazama, akiwa na mawazo yake. Kisha akamtazama kwa kweli.

Swafwan alikuwa na skana mkono wa kulia na skana mkono wa kushoto. Alisoma katoni kadhaa kwa ya kulia, akasoma kadhaa kwa ya kushoto, akarudi kulia. Alifanya hivyo bila kufikiri, kama mtu anayepiga ngoma mbili alizozizoea tangu zamani.

Kupitia geti lililo wazi, kwa Zipporah ng'ambo ya barabara, Gona alikuwa ameinamia sahani ya mbaazi.

Jedida alikwenda akasimama bega kwa bega na Swafwan. "Hiyo ya kushoto ni ya nani?"

Skana zote mbili zilinyamaza.

"Nimekuuliza, kaka."

"Ya Gona," alisema Swafwan. "Amekwenda kula. Saa ya chakula ya huyu mzee haimtoshi mtu hata kunawa. Ukichelewa, mshahara unakatwa. Kwa hiyo tunashikiana."

"Mnashikiana vipi?"

Neno lilipoanza kumtoka, lilitoka lote. Walikuwa wakishikiana tangu skana zilipoletwa. Mtu akiwa na mgonjwa, mwenzake anachukua skana yake na namba yake, anasoma kwa niaba yake, kompyuta inamwona yuko kazini. Jumapili Waislamu wanawashikia Wakristo wa zamu. Ijumaa Wakristo wanawashikia Waislamu. Msiba ukitokea, anayekwenda kuzika anaacha skana. Rayhana peke yake ndiye aliyewahi kuomba ruhusa rasmi kwa karatasi, kwa kuwa mtoto alilazwa ghafla na skana yake ilikuwa imefungiwa kabatini. Hakuna aliyewahi kusema, kwa sababu kusema ni kuwafukuzisha kazi wote.

Jedida alihisi hasira ikimpanda, na haikuwa hasira ya kumwonea mtu. Tangu asubuhi alikuwa akisomewa na mashine majina ya watu ambao hawakuwepo.

"Ijumaa unakwenda msikitini."

"Naenda, Afande. Wallahi naenda. Sijakosa hata moja."

"Ufunguo wa geti unamwachia nani?"

"Bwana Kambi. Yeye ndiye anayenishikia siku zote. Mtu mwema yule, chakula chake anakula baridi kwa ajili yangu." Alisita. "Ubao ninao mimi. Niliung'oa asubuhi, Gona alipopiga kelele. Nilidhani nawaokoa wenzangu."

Aliutoa chini ya godoro la kibanda chake. Jedida aliugeuza kwenye mwanga. Nusu ya lebo zilikuwa za zamani, rangi ya chai. Nusu nyingine zilikuwa nyeupe, mpya, zimebandikwa chini ya zile za kwanza. Alilinganisha namba na karatasi ya mpangilio wa rafu. Zile za zamani zilikuwa za katoni za mbele, zilizoungua kwa jua. Zile nyeupe zilikuwa za katoni za nyuma. Nyuma huko jua halifiki. Lebo za huko hazikuwa na sababu ya kuharibika, na hazikuhitaji kuchapishwa mara ya pili, labda kama katoni zenyewe zimeondoka na lebo zao.

Akavuka barabara, akaketi mbele ya Gona kabla hajamaliza kutafuna.

Alimsalimu kwa Kigiriama, na kwa Kigiriama akamwambia kwamba Swafwan amesema. Gona alisukuma sahani. Jedida alimuuliza jambo moja tu: Ijumaa ya mvua, Bwana Kambi alikuwa wapi?

Gona alisema Kambi alikuwa Jilore, akizika. Alimwachia skana na ufunguo wa geti. Yeye Gona alisoma mafuta ya kupikia kwa skana ya Kambi adhuhuri yote, na katikati ya kazi akasikia honi. Gari la jogoo. Dereva hakuwa na karatasi ya mzigo, Gona akamwambia arudi Jumatatu. Jumatatu Gona mwenyewe alimweleza Kambi.

"Akasemaje?"

"Akasema nimefanya vizuri. Akasema nisimwambie mtu, wasije wakauliza mimi nilikuwa nafanya nini getini na yeye alikuwa wapi." Gona alijipangusa uso. "Nilidhani ananilinda."

Saa kumi kasoro Jedida alimtoa Rayhana kituoni kwa sahihi yake mwenyewe, akamleta ghalani na mtoto mgongoni kwa Bi Zuleikha, ambaye alikataa kuachwa. Aliwasimamisha wote mwanzo wa safu ya nne: Bwana Aly, Kambi, Gona, Swafwan. Aliuweka ubao sakafuni, katikati yao.

"Nimedanganywa na watu watatu leo," alisema. "Wote wamenidanganya kwa wema. Swafwan alisema hatoki getini. Gona alisema kila mtu anatumia skana yake. Rayhana alisema lebo zilisomeka. Kila mmoja alikuwa anamfichia mwenzake, na kila uongo ulikuwa tofali kwenye ukuta wa Rayhana. Kuna mmoja aliyejua kwamba mtajenga hivyo."

Akamgeukia Bwana Aly na kumweleza habari ya kushikiana, bila kuipamba wala kuipunguza. Mzee alifungua mdomo. Jedida alinyoosha kiganja, mzee akaufunga.

"Mwizi alihitaji vitu vitatu. Geti Ijumaa adhuhuri. Ubao, ili hesabu itimie. Na mtu wa kuhesabu ambaye hawezi kupanda ngazi. Geti alikuwa nalo kila Ijumaa, na alishukuriwa kwa hilo. Ubao ulikuwepo, akauongezea lebo nyeupe. Na mtu wa kuhesabu alimchagua mwenyewe. Mama mwenye mshono, ambaye angesoma chini na kumshukuru pia."

Kambi alikuwa ametulia. Alisema Sajini amesahau kwamba Ijumaa ya mvua yeye alikuwa kazini, kompyuta imeshuhudia.

"Ijumaa ya mvua ulikuwa umebeba jeneza Jilore. Umeniambia mwenyewe, ukinipa soda. Na umeniambia mtu alikuwa akikupigia simu kaburini mpaka mchungaji akakukata jicho. Saa hiyo hiyo kuna dereva alikuwa amesimama kwenye geti hili, kwenye mvua, akipiga simu." Alinyoosha mkono. "Nipe simu yako, Bwana Kambi."

"Ya nini?"

"Nimwombe radhi huyo aliyelowa."

Kambi alimtazama Gona. Gona hakukwepa macho yake. Kambi akamgeukia Swafwan, naye Swafwan akatazama ubao. Mwisho aliitoa simu mfukoni, pole pole, akaifungua, kwa kuwa kukataa mbele ya watu wale kungekuwa jibu. Jedida aliirudisha orodha hadi siku ya mazishi. Simu sita adhuhuri, zote kutoka kwa mtu mmoja, aliyeandikwa Fundi Friji. Alibonyeza jina hilo, akaweka sauti ya nje, akanyamaza.

Iliita mara mbili. Sauti ya mwanamume ikapokea, nyuma yake kelele za gereji.

"Ndiyo, Kambi. Kesho kama kawaida, ama wameanza kunusa?"

 Mtoto peke yake alitoa sauti, mgongoni kwa bibi yake.

"Haloo? Kambi?"

Jedida alikata. "Friji lako halijaharibika, soda yako ilikuwa baridi," alisema.

Kambi aliketi juu ya katoni ya sabuni. Alipoongea hakumtazama polisi. Alimtazama Bwana Aly. Alisema alipoletewa skana hizi aliambiwa hesabu isipotimia mshahara wa wote utakatwa. Lebo zikaungua. Aliomba mabati ya mwanga yabadilishwe. Aliomba mara nyingi, akajibiwa kwamba ghala si hoteli ya watalii ya pale Bofa. Wenzake wakakatwa mshahara kwa ajili ya jua. Ndipo alipochapisha lebo za pili na kupigilia ubao, na kwa mara ya kwanza hesabu ikatimia.

"Hukuniita kuniuliza nimefanyaje. Ulinipa mkono," alisema. "Mwezi uliofuata nikatoa katoni moja ya nyuma, nikabandika lebo yake ya pili ubaoni, nione. Hesabu ikatimia. Hakuna aliyepanda kuitafuta. Nikajua kwamba humu ndani hakuna mtu anayetazama juu."

"Na mimi?" Rayhana aliuliza. Hakupaza sauti. "Uliponiambia mama mwenye mtoto asipande ngazi, nilikwenda nyumbani nikakuombea dua. Mama yangu shahidi."

"Nilikuombea pia," alisema Bi Zuleikha. "Nitairudia ile dua, nikutoe ndani yake."

Kambi aligeuza uso. Kati ya watu wote waliokuwa pale, ni Rayhana tu ambaye Kambi alishindwa kumtazama.

Askari walipomchukua, Bwana Aly alianza kusema juu ya mashine za kusoma vidole, kila mtu na kidole chake, mchezo wa kushikiana ufe kesho. Jedida alikuwa anafunga daftari lake. Alimwambia kwamba hilo ni shauri lake na pesa zake, lakini faili itaeleza pia kwa nini lebo ziliungua na nani aliombwa abadilishe mabati. Na kesho ni Ijumaa, alimkumbusha. Mzee ataswali, Swafwan ataswali. Afikirie nani atashika geti, na kama atalishika kwa kujificha au kwa ruhusa. Bwana Aly aliinua macho, akayatazama mabati ya mwanga.

Jumatatu Jedida alipita kuchukua maelezo ya mwisho. Fundi alikuwa juu ya paa, aking'oa mabati ya plastiki. Katika safu ya nne Gona alikuwa ameshika ngazi kwa mikono miwili, na juu yake, kwenye rafu ya kati, mguu mmoja ukiwa kidato cha chini kuliko mwingine kwa ajili ya mshono, alikuwa Rayhana. Alikataa kuteremka. Alisema skana ipo, ameining'iniza shingoni, ataitumia.

Lakini hakuitumia kwanza. Aliigonga katoni kwa kiganja, akasikiliza. Akapitisha mkono nyuma yake, akaigonga iliyofuata, akasikiliza. Alipofika ya mwisho, mkono ukiwa ndani mpaka begani, alisimama kidogo.

"Imejaa," alimwambia Gona. Ndipo akabonyeza.